Wagonjwa wa Kubuni: Maoni Yasiyo na Jina

Mlango bado umefungwa, msomaji, na ufunguo bado uko katika mfuko wa koti jeupe la Daktari. Tangu tulipoachana wiki jana hakuna aliyetoka, hata kwenda kunywa maji.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti lile, nakupa yaliyopita kwa ufupi kisha tuendelee. Daktari si daktari. Ni mkurugenzi wa kampuni ndogo inayotangaza biashara za kliniki na hospitali, na koti lile alishonewa na fundi wa sare za shule. Chini yake wapo watu watatu. Yupo Mhasibu, ambaye pia hupokea simu na wageni. Yupo Mpiga Picha, ambaye pia ndiye mgonjwa katika matangazo yote. Na yupo Kalamu, binti anayeandika shuhuda za watu waliopona, ingawa watu hao hawakuugua, kwa sababu hawakuzaliwa.

Asubuhi hiyo Daktari alikuwa amekuta mtandaoni, kwenye ukurasa ambapo wafanyakazi hueleza jinsi kazini kwao kulivyo, maoni kuhusu kampuni yake. Hayakuwa na jina. Akafunga mlango, akatangaza kwamba aliyeandika ataondoka leo na vitu vyake ndani ya boksi, kisha akaanza kusoma kwa sauti. Tuliishia pale Kalamu aliposhika ukingo wa meza asianguke, kwa sababu kila neno lililosomwa lilikuwa lake.

Najua umejiuliza wiki nzima kama ndiye aliyeandika. Hakuandika.

Daktari mwenyewe alisoma mara mbili, na mara ya pili alisoma kwa uchungu zaidi, kwa hiyo nasi tunaweza kurudia:

"Kampuni hii inauza afya lakini haijawahi kumwona mgonjwa. Mgonjwa wao ni mpiga picha wao. Jumatatu ana kisukari, Alhamisi ana mgongo, na siku zote anapona kabla ya saa ya chakula. Bosi anavaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni, na bado anaazima kalamu. Kila asubuhi mnasimama duara, mnasema mmoja mmoja kwamba mko wazima. Ukiugua kweli, unaambiwa unaharibu sura ya kampuni."

Hapo simu yake ilionyesha nukta tatu na neno la kumwambia aendelee. Hakuendelea. Alikuwa ameshapata ya kumtosha.

Maneno hayo Kalamu aliyasema nyumbani, jikoni, mwiko mkononi, akimwigiza Daktari mpaka namna anavyopandisha suruali kabla ya kutoa amri. Msikilizaji alikuwa mmoja tu. Ni mama yake mzazi, ambaye hukaa dirishani ameuelekeza uso kwenye mwanga, maana mwanga ndio pekee uliobaki kwa macho yake. Mtoto wa jicho amemfunika kulia na kushoto. Na ni Kalamu mwenyewe aliyemfundisha mama huyo kusema na simu ili simu imwandikie, apate kuwasalimia ndugu bila kumsumbua mtu.

"Mama," alisema moyoni, "umenimaliza."

Na kweli alikuwa amemmaliza, maana kesho yake asubuhi mama huyo alitakiwa kulala katika kliniki ya macho kupasuliwa jicho la kwanza. Kliniki hiyo ndiyo mteja mkubwa wa kampuni, na kila mwaka humtibu bure ndugu mmoja wa mfanyakazi. Mwaka juzi alitibiwa shangazi wa Daktari. Mwaka jana alitibiwa mjomba wa Mhasibu. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Kalamu. Lakini zamu ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi aliyetoka na boksi hana zamu.

Kalamu alikuwa akitaka kitu kimoja tu siku ile. Jua lizame akiwa bado ana kazi.

Daktari alianza na Mpiga Picha. Mpiga Picha akajitetea kwamba yeye ndiye aliyesemwa vibaya kuliko wote humo, na mtu hawezi kujisema mwenyewe. Daktari akamjibu kwamba amemwona kwa macho yake akijiliza mbele ya kamera kwa ajili ya bawasiri ambayo hana.

Mhasibu aliapa kwa watoto wake. Daktari akamkumbusha kwamba hana watoto. Mhasibu akasema anaapa kwa hao atakaowapata.

Kalamu alibanwa na kikohozi, akakimeza. Alikuwa na mafua makali, lakini katika duara la asubuhi alikuwa amesema yu mzima kama chuma, na katika kampuni ile mtu akishasema hivyo anatakiwa kubaki hivyo mpaka jioni.

Daktari akaona uchunguzi unasuasua. Akaamuru kwamba wakati mwenye hatia anajifikiria, wengine wote wayazike maoni yale chini ya maoni mazuri. Kila mtu aandike sifa za kampuni, bila jina, sasa hivi, na yeye mwenyewe ataandika mawili.

Waliinama wakaandika. Hawa ni watu ambao kwa miaka hawajaandika sifa za kitu chochote isipokuwa dawa na hospitali, na mkono wa mtu una mazoea yake. Mhasibu aliandika hivi:

"Nilihangaika kampuni nyingi bila kupata nafuu. Rafiki akanielekeza hapa. Baada ya wiki mbili tu nilianza kuhisi mabadiliko, na leo napanda ngazi bila kushika ukuta."

Mpiga Picha naye aliandika kwamba alikuwa amekata tamaa na ukoo ulishaanza kukaa vikao, lakini tangu aajiriwe hapo anakula vizuri, choo kinapatikana, na rangi yake imerudi. Daktari aliandika kwamba wataalamu wanaipendekeza kampuni hii kwa watu wa rika zote. Kalamu aliandika mstari mmoja, kwamba hapa amejifunza mengi.

Daktari aliyapitia yote na kuridhika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu. Yakatumwa.

"Bosi, tusizungukane," alisema Mhasibu. "Humu ndani anayejua kupanga maneno ni mmoja."

Watu watatu wakamgeukia Kalamu.

"Ni wewe, binti?"

"Si mimi, bosi."

"Niangalie machoni useme."

Akamwangalia machoni akasema. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilisikika kama uongo. Angekuwa anadanganya angesema vizuri zaidi. Aliajiriwa kwa kipaji hicho.

Daktari hakupandisha sauti. Alipandisha suruali. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya familia, kama si kesho mama mzazi anaingia kliniki. Kalamu akasema ni kesho. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema yule mama mwenye kliniki ni mtu mwema sana, na itakuwa vibaya kumpelekea mgonjwa wa mtu ambaye si mwenzetu tena. Akatoa simu. Akasema anampigia sasa hivi, isipokuwa kama kuna mtu mwenye la kusema.

Kalamu alilitazama sanduku la barua ukutani, lile lililoandikwa "maoni ya wafanyakazi", ambalo tangu afike hapo halijawahi kufunguliwa. Angesema nini? Kwamba si yeye, ni mama yake? Angekuwa amewauza wote wawili kwa pumzi moja.

Daktari akabonyeza.

Simu ikaita. Iliita sikioni kwa Daktari, na papo hapo iliita nyuma ya mlango.

Daktari akakata. Nyuma ya mlango kukawa kimya. Akapiga tena. Ikaita tena, palepale, ikifuatiwa na sauti nzito ya kike:

"Nipo hapa. Fungua mlango, acha kumaliza chaji."

Koti la Daktari lina mifuko mitatu, na ufunguo ulikuwa katika wa tatu. Baada ya kujipapasa kote, mlango ulifunguka, na Mwenye Kliniki akaingia.

Ni mama mwenye mwili, mwenye mwendo wa taratibu, ambaye maishani alianza na duka la misumari na saruji. Baadaye alinunua jengo, akakuta ndani mna madaktari wa macho, akawaacha waendelee. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido muda mrefu akisubiri, dereva wake pembeni. Wote wakamwamkia kwa pamoja. Mhasibu akampisha kiti chake. Daktari akafuta kiti hicho kwa mkono wa koti, akamwuliza habari za nyumbani, habari za kliniki na habari za barabarani.

"Nilikuja kuvunja mkataba," alisema Mwenye Kliniki.

Daktari akakaa.

Mwenye Kliniki akaeleza bila haraka. Tangu aanze kutangazwa na kampuni hii, wageni wapya wanaokuja getini kwake ni wale tu wanaouliza choo kiko wapi. Watu hawaamini tena shuhuda. Mgonjwa wa macho aliyeko kwenye bango lake, wanasema, ndiye yuleyule wa figo aliyeko kwenye bango la mtaa wa pili. Basi leo alipokuwa njiani dereva wake alitafuta mtandaoni ofisi hii iko ghorofa ya ngapi, na badala ya ghorofa akakutana na maoni. Dereva akamsomea pale kwenye benchi. Na mengine yalizidi kuingia hapohapo wakisoma.

"Moja linasema mtu amefanya kazi hapa mpaka amepata choo," alisema. "Hiyo sikuielewa."

Mpiga Picha akachunguza viatu vyake.

Daktari akasimama. Akasema yale mabaya anayajua, tena yamemsononesha, na alikuwa katikati ya kumshika mhusika. Akamhakikishia mama kwamba kabla ya saa sita mtu huyo atakuwa nje.

"Nje kwa nini?" Mwenye Kliniki akauliza. "Huyo ndiye ninayemtaka. Mengine yote nimeyasikia nikasinzia. Huyo nilimwamini neno la kwanza. Aniandikie yangu, na mkataba unabaki. Ni nani?"

Watu watatu walianza kupiga mahesabu kichwani.

Mpiga Picha ndiye aliyewahi. Alisogeza kiti, akasema kwa sauti ya mtu mnyenyekevu kwamba hakupenda kujionyesha, lakini ukitazama vizuri, nani mwingine angejua uchungu wa kuugua Jumatatu na kuugua tena Alhamisi? Mhasibu akamkatiza. Akamwomba mama akumbuke kwamba yeye, Mhasibu, alipoapa aliapa kwa watoto asionao, na mtu mwenye akili angeelewa alikuwa akimaanisha nini.

Daktari akawanyamazisha kwa kiganja.

"Vijana hawa wananilinda," alisema. "Niliandika mimi."

Akaeleza kwamba ni mbinu mpya ya masoko, ya kampuni kujikosoa yenyewe ili iaminike. Amekuwa akiifanyia utafiti. Na kufunga mlango? Kufunga mlango lilikuwa jaribio la uaminifu, na amefurahi kuona wafanyakazi wake wote wamefaulu.

Aliyebaki ni Kalamu. Alikuwa akipima. Akisema sasa, huenda atashangiliwa. Lakini pia huenda mama huyu mwenye saruji akaja kuona kwamba mdomo aliouamini benchini ni wa mgonjwa wake wa kesho, ambaye anatibiwa bure, na wengi wanaomsifu msema kweli hawapendi kumlisha. Jicho la mama yake lilikuwa limebakiwa na usiku mmoja tu wa kungoja. Kwa nini alihatarishe? Akabana midomo, na kile kikohozi kikazidi kupanda.

"Vizuri," alisema Mwenye Kliniki. "Mmekuwa watatu. Sasa niambieni yanaishaje."

Hawakumwelewa.

"Hayo maoni mliyoandika. Mwisho yanasemaje?"

Sasa msomaji, kuna jambo moja la kazi ile ambalo inafaa ulijue. Watu wa matangazo wanaamini kwamba hakuna binadamu anayesoma zaidi ya mistari sita, na kwa kuwa wanaamini hivyo, wao wenyewe hawasomi. Kampuni nzima, kuanzia mwenye koti mpaka mwenye kamera, hakuna aliyekuwa amegusa zile nukta tatu.

Mpiga Picha akabahatisha kwamba yanaisha kwa masikitiko. Mhasibu akasema yanaisha ghafla. Daktari alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake, akasema yanaisha kama kazi nzuri zote zinavyoisha, kwa kumwambia msomaji apige simu leo.

Mwenye Kliniki akamnyooshea Mhasibu simu yake.

"Nisomee, mwanangu. Hizi herufi wameziandikia sisimizi."

Mhasibu akasoma. Alianza kwa sauti ya ofisini, na kadiri alivyoendelea ikawa inashuka:

"Mwanangu ana mafua wiki ya pili sasa, na kazi yake ni kuandika jinsi watu walivyopona mafua. Jioni akirudi anamwigiza bosi wake, tunacheka mpaka machozi. Akienda kulala namsikia anakohoa ndani ya mto ili nisisikie. Ninyi mnaotafuta kazi hapo, nendeni tu, kazi ni kazi, ila chukueni kitambaa cha pua. Na mkimkuta mwanangu msimwambie ni mimi niliyesema haya. Yeye anadhani huwa nasikiliza redio."

Mpiga Picha akasema mama yake alifariki zamani, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza. Daktari alianza kusema, "Mama yangu mimi naye," kisha akatazama nyuso zilizokuwa mbele yake, akaacha.

Na hapo ndipo kikohozi alichokikalia Kalamu tangu asubuhi kilipomshinda. Kilitoka chote, kikamkunja, kikamtoa machozi, na kilipokwisha alikuta watu wote wanamtazama.

"Huyo," alisema Mwenye Kliniki.

Kalamu akakiri. Hakuandika, lakini maneno ni yake, na aliyeyapeleka ni mama yake mzazi, asiyeona, kwa simu aliyomfundisha yeye mwenyewe. Alipofika hapo aliona hakuna faida ya kubakiza. Akasema pia kwamba mama huyo ndiye anayengojwa kesho kliniki. Kisha akakaa kusubiri boksi.

Mwenye Kliniki alijipiga paja akacheka. Akasema tangu anunue jengo lile hajapata mgonjwa wa kumtangaza ambaye watu watamwamini, kumbe yumo kwenye orodha yake ya kesho. Daktari alikuwa ameshasimama. Aliona kamera, aliona bandeji ikifunguliwa, aliona mwanga wa kwanza ukimwingia mama wa watu. Kalamu alikuwa amekuwa "binti yangu" kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Binti yangu, niandikie maneno atakayosema mama akifunguliwa bandeji," alisema. "Nipate saa nane, jioni ayakariri."

"Atakayosema akishaona?"

"Ndiyo. Siku yenyewe atakuwa na furaha, hatapata nafasi ya kufikiri."

Mwenye Kliniki akamwambia Daktari apumzike. Huyo mama aseme lake, kama alivyosema kwenye ukurasa ule. Ila kwanza aulizwe kama anakubali kupigwa picha. Kalamu apige simu, na aiweke sauti ya juu ili wote wasikie.

Nyumbani simu ilipokewa haraka.

"Mbona unapiga saa za kazi? Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Wameyaona uliyoandika."

"Yapi?"

"Mama."

"Simu hii inajiandikia yenyewe," alisema mama. "Nilishakuambia."

Mhasibu akauma midomo. Kalamu akamweleza mama yake yote, kwamba hakuna aliyekasirika, kwamba mwenye kliniki amependa, kwamba kesho itakuwepo kamera, na akitaka aseme lolote linalomjia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Redio ilikuwa ikisikika nyuma yake, akaipunguza.

"Siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Huko kesho. Nimekuwa nafikiri tangu jana."

"Mama, ni jicho lako."

"Ndiyo, ni langu. Kila jioni unaniambia hakuna neno la kweli mnaloandika kuhusu hizo hospitali. Sasa hii ya kesho, ni nani aliyeandika kwamba ni nzuri?"

Kalamu akamtupia jicho Mwenye Kliniki.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Mimi."

"Umewahi kuingia ndani?"

"Hapana, mama."

"Umewahi kuongea na mtu mmoja, mmoja tu, aliyetoka humo anaona?"

Miaka mitatu Kalamu ameiandika kliniki ile. Ameandika juu ya wauguzi wake wenye mikono laini, vyumba vyake vyenye hewa, bibi aliyetoka humo akatunga uzi kwenye sindano siku hiyohiyo. Na katika miaka yote mitatu hajavuka geti, wala hajawahi kuwaulizia shangazi wa Daktari na mjomba wa Mhasibu waliotibiwa humo. Haikuwa lazima, maana wagonjwa wake wote wanakaa kwenye meza yake. Sasa aliulizwa na mtu pekee ambaye asingeweza kumwandikia jibu, na akagundua kwamba hajui. Huenda ni mahali pazuri kuliko yote aliyoandika. Huenda si pazuri. Macho ya mama yake yalikuwa katikati ya hizo huenda mbili.

"Sijawahi," alisema.

"Basi niache na ukungu wangu. Huu angalau naujua."

Daktari alikuwa akimwonyesha kwa vidole aseme kitu, chochote. Mwenye Kliniki akanyoosha mkono, akaomba simu.

"Mama, habari za asubuhi. Mimi ndiye mwenye kliniki."

"Nzuri, dada yangu. Samahani kwa maneno mengi."

"Maneno mazuri yale. Nakuhakikishia madaktari wangu ni wazuri."

"Nashukuru. Wewe jicho likikusumbua, wanakutibu wao?"

Mwenye Kliniki akaizima ile sauti ya juu, akaweka simu sikioni, akainuka, akatoka nayo koridoni na kuufunga mlango nyuma yake.

Mlango ule una kioo juu. Watu wanne wenye vyeo tofauti walijipanga kwenye kioo hicho bila kujali vyeo. Hawakusikia kitu, waliona tu. Mwenye Kliniki alisema kidogo, akasikiliza sana. Dereva alisimama akidhani wanaondoka, akaashiriwa akae. Kuna wakati Mwenye Kliniki alicheka. Kuna wakati aliacha kabisa kucheka, akatazama chini. Halafu, kana kwamba ameagizwa na mtu, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja na kuutazama ukuta wa mbali. Akahamisha kiganja, akaliziba la kushoto, akautazama tena. Akarudia.

"Anafanya nini?" Daktari akanong'ona.

"Anapimwa," alisema Kalamu. "Mama anampima."

Walitawanyika alipogeuka. Aliingia, akamrudishia Kalamu simu yake, akakaa mahali alipokuwa amekaa. Alichukua muda kupata pumzi, ingawa hakuwa amepanda ngazi.

"Mama yako anakuja kesho," alisema. "Saa mbili nitampelekea gari."

Kalamu akaanza kushukuru, akakatizwa.

"Ana sharti moja. Mimi niwe wa kwanza, yeye anifuate."

Daktari akauliza wa kwanza kwenye nini.

"Kwenye kitanda. Jicho langu la kushoto lina ukungu mwaka wa pili huu. Nilikuwa nangoja nafasi ya kwenda kutibiwa nje."

"Nje wapi, mama?"

"Nje tu. Popote pasipo kwangu."

Daktari, kwa kuwa ni Daktari, aliona mara moja kwamba sasa ana wagonjwa wawili badala ya mmoja, na mmoja wao ndiye mwenye jengo. Alikuwa ameshamwelekeza Mpiga Picha juu ya betri na taa alipogundua anatazamwa. Mwenye Kliniki aliendelea kumtazama kwa lile jicho lake zima mpaka akakaa.

Kisha mama yule mzito aliyeanzia kwenye saruji akavuta kiti, magoti yake yakakaribia kugusana na ya Kalamu, na akashusha sauti wasisikie wengine.

"Binti. Lile tangazo langu, la yule mama anayepasuliwa huku anapiga hadithi na muuguzi. Uliandika kwamba hahisi kitu, hata kidogo."

"Ndiyo, mama."

Mkono wake ulikuwa baridi aliposhika wa Kalamu.

"Nani alikuambia?"